Yanonge kwa Miguu

Yanonge iko kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 60 chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi, jimbo la Tshopo. Ikweta inapita kusini mwake, si mbali, hivyo jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na hakuna mwezi usioonja mvua. Mvua ya mwaka katika eneo hili hufikia milimita 1,800 hivi. Hupungua Januari na Februari, kisha tena Juni na Julai, na hiyo ndiyo miezi ya kutembea, kwa sababu vijito vya msituni huvukika na matope ya njiani hayang'ang'anii miguu.

Wasafiri wengi huiona Yanonge kutoka majini tu. Baleniera, yaani boti kubwa za mbao, zinazoshuka kutoka Kisangani, na matishari yanayosukumwa kwa meli hadi Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 na zaidi, hupita mbele yake zikiwa zimejaa watu, mbuzi, magunia na masufuria ya kupikia. Kutoka huko mtu huona safu ya nyumba, michikichi kadhaa, na nyuma yake ukuta wa miti usio na mlango. Aliyekaa chomboni huondoka akiamini kwamba nyuma ya nyumba zile unaanza msitu ambao haujawahi kuguswa. Imani hiyo si kweli, na hakuna njia ya haraka ya kuiondoa isipokuwa kushuka, kuvua viatu kwenye ngazi za udongo, na kutembea. Nchi ya Yanonge imefanyiwa kazi na mikono ya watu karibu kila hatua, na kazi hiyo haionekani kutoka mtoni.

Safari za kuhama na vyombo vya nyumbani si jambo geni hapa. Kisangani palikuwa mwisho wa misafara iliyotoka pwani ya Mrima, ikapita Tabora, Ujiji na Kasongo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliteuliwa mwaka 1887 kuwa wali wa maporomoko ya Kisangani kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, baada ya watu wake kuwa wamekwisha kuyatawala kwa bunduki na pembe za ndovu. Aliondoka mwaka 1890 kurudi Zanzibar, na hakurejea tena. Katika miaka ya 1970 na 1980 ikaja misafara ya namna nyingine kabisa: malori yaliyobeba watalii vijana kutoka Uingereza hadi Nairobi, wakilala kwenye mahema na kupika kando ya barabara za Zaire, wengine wakipumzika Kisangani siku kadhaa kabla ya kuelekea mashariki. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliifunga njia hiyo. Msafara uliobaki ni ule wa mto. Familia hukaa wiki nzima na zaidi juu ya tishari, zikilala chini ya turubai, zikinunua samaki kutoka kwenye mitumbwi inayokuja kujishikiza ubavuni, na kila chombo kinapofunga gati watu hushuka kunyoosha miguu.

Matembezi ya kwanza ni ya ukingoni. Njia hufuata mgongo wa ukingo, nyumba upande mmoja na maji upande wa pili, na vijiji vinafuatana kwa karibu kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa hajui kimoja kimeishia wapi. Nyua zimefagiwa mpaka udongo unang'aa. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, mingine ikiwa imegeuzwa chini juu kwa ajili ya kuzibwa nyufa. Nyavu zimeanikwa kwenye miti, na juu ya vichanja moshi unakausha samaki: ngolo, mboto, na mbenga mwenye meno ambayo hata akiwa mkavu hayapendezi kuguswa. Hao ni Walokele, watu wa maji, ambao vijiji vyao vimefuata mto huu kutoka karibu na Kisangani hadi kupita mdomo wa Lomami huko Isangi. Nyuma yao, kwenye nchi ya juu, wanakaa Wafoma na, mbele zaidi kusini, Wambole. Ng'ambo ya mto ni Waturumbu.

Mtu aliyezoea pwani ya Bagamoyo au Lamu huchukua muda kuelewa mwendo wa maji haya. Kule bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mvuvi hupanga asubuhi yake kwa kutazama mwezi. Huku maji hujaa na kupungua kwa majira ya mwaka, na hujaa zaidi katika miezi ya mwisho wa mwaka. Mchanga uliokuwa uwanja wa watoto Julai huwa chini ya maji Novemba. Kambi za wavuvi visiwani hujengwa kwa miti myepesi na majani kwa sababu kila mtu anajua zitaondoka. Mto wenyewe, wenye upana unaopita kilomita moja na visiwa vinavyoficha ukingo wa pili, hubeba mafungu ya gugu maji lenye maua ya zambarau. Gugu hilo, lililotoka Amerika ya Kusini, liliingia katika mto Kongo miaka ya 1950, na leo huwapa wavuvi taabu kubwa kwa kuziba vihori na kunasa nyavu.

Desturi ya kupita kijijini ni ile ile ya sehemu nyingi za Kongo. Mgeni huanza kwa mkubwa wa kijiji, huonyesha karatasi zake, hueleza anakotoka na anakokwenda, na hupewa kiti kabla ya kupewa jibu. Baada ya hapo njia ni yake. Atasalimiwa kwa Kilingala, na akijibu kwa Kiswahili atajibiwa kwa Kiswahili, kwa kuwa watu wa hapa wana jamaa Kisangani na wanakwenda huko kuuza. Lakini jinsi mtu anavyozidi kushuka mto, ndivyo "mbote" inavyochukua nafasi ya "jambo". Kiswahili kilifika huku na misafara kutoka mashariki, Kilingala kikapanda na meli na askari kutoka magharibi, na Yanonge imo katika ukanda ambamo lugha hizo mbili bado zinasikika katika mazungumzo ya ua mmoja. Swali linaloulizwa kuliko yote ni lile la wazee: "Papa, munaenda kwa miguu sababu gani, na mutumbu iko?" Ni swali la haki. Kwa Mlokele mtumbwi ndio mguu, na anayetembea kando ya mto bila mzigo wala shughuli ni mtu wa kuhurumiwa kidogo na kupewa maji ya kunywa.

Ukingo huu ndio uliozaa elimu kubwa ya ngoma zinazosema. Walokele walikuwa na gogo lililochimbwa kupitia ufa mwembamba, midomo yake miwili ikiachwa na unene usiolingana, hivyo mmoja ukatoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Kilokele ni lugha ya toni, na ngoma ilipiga toni za maneno bila maneno yenyewe. Kwa kuwa maneno mengi mafupi yana toni zinazofanana, kila jina lilirefushwa kuwa maelezo ya kudumu, sentensi nzima kwa neno moja, na msikilizaji hakukosea. Misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilianzishwa Yakusu, ukingo wa kulia kati ya Kisangani na Yanonge, mwaka 1896. John Carrington, aliyefika huko mwaka 1938, alijifunza ngoma hizo na kuandika kitabu chake juu yake mwaka 1949. Alikwisha kuona wakati huo kwamba vijana walikuwa wakiacha kujifunza, na kwamba watoto wengi hawakupewa tena jina la ngoma. Leo habari ya msiba au ya chombo kinachokaribia huenda kwa simu, pale penye mtandao. Hasara yake ni halisi. Simu humwita mtu mmoja, na ngoma iliita kijiji, hivyo hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Mahali ambapo watu wa maji na watu wa nchi ya juu hukutana ni sokoni. Kubadilishana samaki kwa muhogo na ndizi ni agano la zamani sana ukingoni hapa. Mvuvi hakuwa na shamba la kutosha na mkulima hakuwa na wavu, na kila upande ulihitaji siku maalumu ya kukutana. Siku hizi faranga imeingia kati, lakini mpangilio haujabadilika sana. Akina mama wa ndani hufika alfajiri na vikapu mgongoni vilivyoshikiliwa kwa kamba ya kipaji, na akina mama wa mtoni hukaa upande wa maji na samaki wa moshi. Bidhaa za ndani hujaza baleniera ya kurudi Kisangani: muhogo, mchele, ndizi, mawese katika madumu ya manjano, na magunia ya makala, yaani mkaa, yaliyofungwa juu kwa majani.

Chakula cha hapa kinastahili kituo kirefu. Samaki mbichi hutiwa chumvi, kitunguu na pilipili, akafungwa ndani ya majani mapana ya msituni na kuwekwa juu ya makaa. Hiyo ndiyo liboke, na jani humpa harufu ambayo karatasi ya alumini haiwezi kuiga. Lituma ni ndizi za kupika zilizochemshwa zikapondwa kwenye kinu hadi kuwa donge laini, na watu wa Kisangani huihesabu kuwa chakula chao hasa. Kwanga, yaani muhogo uliolowekwa, ukasagwa, ukafungwa kwenye majani na kuchemshwa, hukaa siku kadhaa bila kuharibika na ndio chakula cha wasafiri wa mtoni. Kisha sombe. Mpwani atalitambua jani mara moja, kwa sababu ni kisamvu chake, lililotwangwa vile vile. Kinachotofautiana ni mafuta. Unguja na Tanga kisamvu huungwa kwa tui la nazi na hutulia mdomoni. Hapa huungwa kwa mawese mekundu, huwa kizito na chenye ukali kidogo, na mtu akila bakuli moja anaweza kutembea hadi jioni. Kwa maoni ya mwandishi sombe la mawese ndilo lililo bora kwa anayekwenda mbali, ingawa la nazi ni zuri zaidi kwa anayekaa.

Matembezi ya pili huuacha mto na kuelekea kusini, upande wa Yatolema na nchi ya Opala. Njia ilikuwa barabara ya magari, na kwa sehemu bado ni hivyo, lakini wenye njia ni baiskeli na pikipiki. Wanaume husukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia na madumu hadi tandiko halionekani, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya tandiko, na kwenye vilima husaidiana wawili wawili. Vijiji vimejipanga kando ya barabara kwa mstari. Hilo halikutokea lenyewe. Utawala wa Kibelgiji uliwaondoa watu kwenye makazi yao ya ndani na kuwaweka barabarani ili kodi, chanjo na kazi za lazima ziwafikie kwa urahisi. Mzee wa kijiji bado anaweza kuonyesha kwa kidole upande wa msituni ambako babu zake waliishi, na anayefuata kidole hicho kwa miguu hukuta kundi la michikichi mikongwe pasipo nyumba. Mchikichi hupenda mwanga na hauoti vizuri ndani ya msitu mzito, hivyo penye michikichi mingi ya kale kwa kawaida palikuwa na watu.

Nyuma ya nyumba yanaanza mashamba, na hapa ndipo ukuta wa miti ulioonekana kutoka mtoni unapofunguka. Mkulima hufyeka kipande cha msitu wakati wa ukavu, huchoma, kisha mvua zinaporudi hupanda mpunga au mahindi pamoja na muhogo na migomba. Nafaka hutoka kwanza, ndizi na muhogo hufuata, na baada ya misimu michache shamba huachwa lipumzike. Mti wa kwanza kuliteka ni mwavuli, wenye majani makubwa kama viganja vilivyofunguliwa, ambao hukua haraka, hutia kivuli, na hufa baada ya miaka 20 hivi ukiwa umeshawalea chini yake miti ya maisha marefu. Anayetembea saa moja kutoka barabarani hupita katika enzi zote hizo: shamba jipya lenye visiki vyeusi, shamba la muhogo, kichaka kisichopitika, mwavuli, msitu mchanga, na mwishowe msitu mkubwa. Ni mashamba yale yale katika umri tofauti, na kila kipande kina mwenyewe anayejua baba yake alilima nini hapo.

Mpunga huo una habari inayowahusu wasomaji wa Kiswahili. Uliletwa na watu wa misafara waliotoka mashariki, wakaupanda kuzunguka vituo vyao vya Kisangani na mto wa juu, na wenyeji wakauchukua. Wabelgiji baadaye waliufanya kuwa zao la lazima. Waliouleta walifika pia na minyororo, wakachoma vijiji vya mto huu na kuwachukua watu, na haifai kuisimulia habari ya mchele bila kuitaja hiyo. Hata hivyo mpunga umebaki, na nyua za Yanonge huanika mikeka ya nafaka ileile ambayo mtu wa Pemba huianika kwake.

Msitu mkubwa una makundi ya limbali, miti ambayo hutawala sehemu nzima peke yake, chini yake kukiwa na kivuli kizito na nafasi ya kutembea bila panga. Upo pia mti ambao gome lake hunuka kitunguu saumu, na wapishi hulitumia hivyo. Mti wa sapeli hutafutwa na wakata mbao, na hutafutwa zaidi na akina mama, kwa sababu viwavi wanaoliwa huishi juu yake. Karibu na Agosti na Septemba viwavi hushuka, familia huhamia kambi za msituni kuwaokota, na bei ya nyama nyingine sokoni hushuka pamoja nao. Mti ukikatwa kwa ajili ya mbao, viwavi wa miaka mingi ijayo wamekwenda nao, jambo ambalo wanakijiji huliweka mezani mara kwa mara wanapobishana na wenye vibali. Kusini zaidi, huko Opala, ndiko watafiti walikomwona mwaka 2007 kima mdogo aliyefugwa nyumbani, ambaye wawindaji walimjua siku zote kwa jina la lesula. Sayansi ilimtangaza kuwa spishi mpya mwaka 2012, na mwaka 2016 sehemu ya makazi yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Lomami.

Makala ndiyo yanayobadilisha nchi hii kwa kasi kuliko kitu kingine. Kisangani ina watu wanaopita milioni moja, na wengi wao hupikia kuni na makala. Zamani mkulima alichoma miti iliyoangushwa shambani ikawa majivu; sasa huipanga, huifunika kwa majani na udongo, na kuilinda usiku na mchana ili moto usipate hewa. Gunia humlipa haraka kuliko muhogo. Matokeo yake ni kwamba mashamba hupumzishwa miaka michache kuliko awali, na kwa kutafuta miti mikubwa mtu hulazimika kutembea mbali na barabara. Tangu mwaka 2017, mradi wa kituo cha utafiti wa misitu cha CIFOR, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, umewasaidia wakulima wa Yangambi na Yanonge kupanda miti ya akasia inayokua haraka pamoja na muhogo, ili kuni na makala vitoke kwenye miti iliyopandwa. Mashamba hayo hutambulika kwa mistari yake iliyonyooka, kitu kisichoonekana kwingine katika msitu huu.

Anayetaka kumaliza huvuka kwa mtumbwi wa injini kwenda Yangambi, ng'ambo na chini kidogo ya mto. Hapo Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, ambayo leo ni INERA. Nyumba za matofali mekundu zimesimama kwenye nyanda za juu ya mto, nyingine zikiwa na watafiti, nyingine zikiwa na popo. Jumba la mimea iliyokaushwa lina kiasi cha sampuli 150,000, na mnara wa mita 55, uliojengwa mwaka 2020, hupima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha hapa jinsi unene wa ganda la chikichi unavyorithiwa, na kwamba kwa kuchanganya mchikichi wa ganda nene na ule usio na ganda hupatikana mti wenye mafuta mengi zaidi. Mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yanategemea ugunduzi huo, wakati akina mama wa Yanonge bado hukamua mengi ya mawese yao kutoka kwenye michikichi iliyojiotea yenyewe.

Jina la kituo lilifika mbali pia kwa njia ya ndizi. Yangambi Km 5, mgomba unaostahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, ulisambazwa Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mashamba ya Bukoba yalipokuwa yakidhoofika. Wakulima wengi wanaoupanda huko hawajawahi kusikia habari za mto huu, ingawa hutaja jina la kituo hicho kila wanapoomba mche.